Benchi Nje ya Mlango Wangu

Jumatatu, 8 Oktoba

Barua imefika. Washington! Alhamisi hii anakuja mkaguzi wa ruzuku. Alhamisi ya Wiki ya Kurudi Nyumbani, wiki ambayo hapa Chuo cha Pisga hata paka wa jikoni ana ratiba. Bendi inapuliza tangu alfajiri. Wahitimu wa zamani wanamiminika kutoka Birmingham na Atlanta na suti walizonunua juzi. Na mimi naletewa mkaguzi. Serikali haina kalenda?

Niandike hapa, ili watakaoandika historia ya chuo wasipate taabu: ruzuku hii niliileta mimi, Roscoe T. Pettiford. Kurasa mia moja na kumi! Serikali ilitaka vyuo vya watu weusi, vya wenyeji wa asili na vya Walatino viingie navyo katika kazi ya utengamao, yaani kuwasaidia watu wenye ulemavu wapate kazi au warudi kazini. Nikaahidi kwamba tutawapokea watu hao, tutawaunganisha na wakala wa jimbo, na tutawafundisha vijana wetu kuwa washauri wao. Ahadi tamu. Nilizisoma mwenyewe nikatokwa na machozi.

Mwaka umepita. Tumefanya nini? Mengi. Bango lipo. Vipeperushi vipo, karatasi nzito, picha yangu ukurasa wa mbele. Kalamu zenye jina la mpango, maboksi manne. Mpango wenyewe haujaanza kwa sababu haujazinduliwa, na haujazinduliwa kwa sababu mimi na Daktari Stubbs hatujakubaliana nani akate utepe.

Sasa mkaguzi ameandika kwamba anataka kuwaona walengwa. Ana kwa ana. Asipowaona, ruzuku haiendelei, ofisi yangu inafungwa, na mimi narudi kufundisha insha mwaka wa kwanza, saa mbili asubuhi, chini ya huyo huyo Daktari Marvalene Stubbs, mkuu wa kitivo, mwanamke anayesahihisha hata kadi za rambirambi.

Jambo la pili linalonikera: benchi. Nje ya mlango wangu kuna benchi refu la kanisani, la mti wa mwaloni. Mama Boykin, katibu muhtasi wangu, alilileta bila ruhusa, na kila siku limejaa watu. Leo walikuwa sita. Mmoja wa magongo, mmoja wa mkono wa bandia, mmoja kipofu aliyekumbatia tarumbeta. Nimewaruka miguu kama mbuzi. Mama Boykin huwajazia fomu, huwapigia simu, huwagawia biskuti. Nikamuuliza hawa ni nani. Akasema ndio watu wa mpango. Nikamweleza taratibu kwamba mlengwa ni mtu aliyeandikishwa baada ya uzinduzi. Hawa ni watu tu.

Mama Boykin alinifundisha shule ya Jumapili nikiwa na miaka sita, na hajawahi kukubali moja kwa moja kwamba mimi ni bosi wake. Ameniletea bahasha ya kaki, nene. Akasema nisome yote, na mle ndani kuna fomu ya kutia sahihi, mwisho Ijumaa saa sita mchana, nisije nikasema sikuambiwa. Nikamwambia aiweke mezani.

Meza yangu ya mahogani inayumba mguu mmoja. Bahasha ile, ukiikunja mara moja, ni unene ule ule! Meza imetulia kama mchungaji baada ya sadaka. Ushindi wa kwanza wa wiki.


Jumanne, 9 Oktoba

Siku ya kusaka walengwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka kiuno kinauma.

Nimeanzia kwa kinyozi, mzee Hosea Tate, maana hakuna ugonjwa wala talaka mjini hapa isiyopita kwenye kiti chake. Nikamuuliza kama anawajua watu wenye ulemavu wanaotafuta kazi. Akasema anawajua wengi. Kijana wa dada yake, aliyekatwa mguu kiwandani. Jirani yake mwenye kifafa. Wako wapi? Akasema wote wanakwenda chuoni kwetu. Eti kuna benchi.

Nikaenda kwa Bi. Arzula anayekaanga samaki. Kambare wawili, mkate wa mahindi, chai ya baridi yenye sukari ya kuua. Nikauliza swali lile lile. Akanitazama kama nimelewa. Akasema, “Wewe si wa Pisga? Kuna benchi huko, baba. Nenda kaulize.”

Nimetafakari njia nzima. Ni dhahiri kuna chuo jirani kimeweka benchi na kinatuchukulia watu wetu kwa jina letu. Nimeandika kwenye daftari: KUCHUNGUZA.

Niliporudi, kipofu yule wa tarumbeta alinisimamisha kwa jina. Ananijua kwa viatu, anasema kimoja kinalia. Anaitwa Otha Crumpton. Zamani alikuwa mpiga tuba wa kwanza, lile baragumu kubwa linalovaliwa mwilini, kwenye bendi yetu, kisha mchomeleaji vyuma, mpaka kisukari kikamla macho. Sasa anatengeneza ala za bendi kwa kusikiliza na kupapasa. Kuna shule ya kazi hiyo Minnesota, imemwekea nafasi. Wakala wa jimbo yuko tayari kumlipia. Inasubiriwa sahihi ya mkurugenzi wa mpango tu. Mkurugenzi ni mimi. Ijumaa saa sita ikipita, nafasi anapewa mwingine.

Nikamwambia sijaona karatasi yoyote. Akasema Mama Boykin aliileta jana. Nikamwambia wiki hii nina mgeni wa serikali, Alhamisi ikipita nitakuwa na nafasi ya kutosha.

“Alhamisi ikipita, bosi, inabaki asubuhi moja,” akasema. Alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota ukingo wa kofia.

Nikamjibu kwamba kalenda naijua. Nikaingia ndani. Mbona najisikia vibaya? Labda ni kambare.

Jioni, vita. Daktari Stubbs amesikia habari za mkaguzi na anataka yeye ndiye amtambulishe mgeni. Anasema itifaki inadai mtu mwenye shahada ya uzamivu. Ananichoma makusudi! Tasnifu yangu iko kwenye sanduku chini ya kitanda, imebaki sura tatu tu, miaka kumi na tisa sasa. Nikamwambia ruzuku ni yangu. Akasema, “Ruzuku ni ya chuo, Bwana Pettiford.” Hilo “Bwana” alilivuta kama ubani wa kutafuna.

Huyu mama anataka kunitilia mchanga kitumbua changu. Hatafanikiwa.


Jumatano, 10 Oktoba

Nimefanya kazi ya watu wanne.

Asubuhi, kikao cha programu ya mapokezi kwa Rais wa chuo, Mchungaji Daktari Gaddis, mtu mpole asiyependa ugomvi wowote ndani ya maili mbili kutoka alipo. Akatafuta suluhu. Yeye ndiye atamtambulisha mgeni. Daktari Stubbs atamtambulisha yeye. Na mimi nitamtambulisha Daktari Stubbs. Yaani nitamtambulisha mtambulishaji wa mtambulishaji! Nikakubali, kwa sharti kwamba nitazungumza kwanza. Programu imechapishwa: vipengele kumi na tisa. Sala ya kufungua, wimbo, salamu za mji, salamu za makanisa, salamu za wahitimu, kuwatambua waliopo, kuwatambua wasioweza kuwapo, wimbo wa pili, kisha mimi. Mgeni ataongea kipengele cha kumi na saba. Hakuna mtu aliyewahi kupokelewa vizuri zaidi katika jimbo la Alabama.

Rais aliuliza, kwa sauti ndogo, ndege ya mgeni ni saa ngapi. Nikamwambia lazima aondoke hapa saa saba. Tunaanza saa nne. Muda tele.

Mchana, suala la walengwa. Akili yangu ilipambazuka: binamu Dewitt! Dewitt hana kazi tangu Pasaka, na hilo tayari ni nusu ya kazi. Nimempa tiketi mbili za mechi ya Jumamosi. Atafungwa bendeji mguuni, atachechemea mpaka mbele na kusema mpango umembadilisha. Tumefanya mazoezi. Anachechemea vizuri sana, ila anasahau ni mguu upi.

Alasiri, usafi. Nimeamuru benchi litolewe koridoni, pamoja na watu wake, lihamishiwe chumba cha bendi nyuma ya ukumbi wa michezo mpaka mgeni aondoke. Mkaguzi anakuja kuona mpango wa utengamao. Hawezi kukutana na korido iliyojaa magongo, atatuonaje?

Mama Boykin alishusha miwani mpaka puani. Kisha akasema, “Roscoe. Mficha uchi hazai.” Roscoe! Mbele ya vijana wa usafi! Nikamkumbusha kwamba mimi ni mkurugenzi. Akaniuliza kama nimetia sahihi ile karatasi. Nikamwambia bahasha yake iko mahali pazuri na inafanya kazi muhimu. Sikusema uongo.

Otha Crumpton alishika mwisho mmoja wa benchi na kulibeba pamoja nao. Haoni, lakini alikuwa anawaelekeza wenye macho kwenye ngazi.

Jioni nimehamisha na meza yangu kwenda jukwaani kwenye ukumbi wa ibada. Mahogani kwa heshima ya mgeni. Nimewasisitiza wabebaji wakumbuke ile bahasha ya mguuni. Mimi ni mtu wa undani.


Alhamisi, 11 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu na nusu, mgeni amefika. Bi. Thomasina Raines. Mama mweusi wa makamo, viatu vya chini, kidaftari kidogo. Hana makuu. Nikampa kipeperushi, akatazama picha yangu, kisha mimi, kisha picha. Akauliza walengwa wako wapi. Nikamwambia wako kwenye programu, kipengele cha kumi na tano. Akafungua programu. Akaisoma hadi chini. Akatabasamu kwa namna ambayo wakati ule niliiona ni furaha.

Saa nne, tukaanza. Ukumbi umejaa, mapepeo ya mkono yenye tangazo la nyumba ya mazishi yanapepea, kofia za akina mama zimefunga upeo. Sala ya kufungua ilichukua dakika kumi na tano, ikazunguka Afrika yote na hospitali zetu mbili. Salamu za makanisa: manane. Salamu za wahitimu: kila darasa tangu 1951. Kwenye wimbo wa pili Bi. Raines aliniinamia na kuuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha.

Kisha zamu yangu. Niliahidi dakika mbili. Nilitumia kumi na moja, na zilikuwa nzuri. Nilimtambulisha Daktari Stubbs kwa kueleza maisha yangu. Yeye akasimama ndani ya suti yake nyeupe pe, na kwa kulipiza kisasi akamtambulisha Rais kwa dakika kumi na nne, bila kunitaja hata mara moja. Rais akasimama. Akasema maneno mazuri juu ya serikali na vyuo vidogo na jiwe walilolikataa waashi. Akanyoosha mkono. “Na sasa, asimame tumwone mgeni wetu…”

Kiti kitupu.

Kwaya ikaimba. Kwaya ya Pisga haihitaji kuambiwa, ikiona aibu inaimba. Nikakimbilia choo cha wanawake nikasimama nje kama mwizi. Hamna mtu. Ilikuwa saa sita kasoro. Hapo nikaisikia. Noti moja, nene, safi, ndefu, inatoka nyuma ya ukumbi wa michezo. Tuba.

Nimekimbia. Sijakimbia hivyo tangu utawala wa Rais aliyetangulia.

Chumba cha bendi. Benchi. Watu kumi na mmoja. Na mwisho wa benchi, sahani ya kambare magotini, Bi. Thomasina Raines wa Washington, maana Mama Boykin hajawahi kumwacha mtu akae bila kula. Otha Crumpton amevaa tuba mwilini, pistoni iliyokuwa imekwama tangu Agosti sasa inateleza. Mwalimu wa bendi amesimama mdomo wazi. Bi. Raines anaandika, anauliza, anaandika. Kijana wa mguu mmoja, yule wa dada yake kinyozi, anamweleza jinsi Mama Boykin alivyomtafutia kazi ya mapokezi hospitalini. Bibi wa kifafa anaonyesha beji yake ya maktaba. Wanafunzi wetu wawili, sikujua hata kama wapo, wana madaftari ya ushauri na wanajua jina la kila mtu.

Nikamwomba radhi kwa mahali alipoketi. Nikamwambia ukumbini watu wanamsubiri.

Akafuta vidole. Akasema baba yake alikuwa rais wa chuo kama hiki kule Louisiana, na yeye amekaa kwenye programu hizi tangu tumboni mwa mama yake. “Ndugu yangu, nikiona mtu anamtambulisha mtambulishaji, najua nina saa moja na nusu mkononi. Nikasema acha nitafute mpango uko wapi.” Alimuuliza mfagiaji. Mfagiaji akamwambia aende penye benchi.

Wakati huo huo, mlango ukafunguka akaingia Dewitt. Hakuna aliyemwita! Alikuwa amechoka kusubiri kipengele cha kumi na tano. Anachechemea mguu usio na bendeji. Yule kijana wa dada yake kinyozi akamsogelea kwa huruma ya kweli, akamuuliza ameumia wapi, anamwona daktari gani. Dewitt akatazama ule mguu mmoja wa mwenzake. Akaanza kulia. Akakiri kila kitu, pamoja na tiketi. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kwenye bendeji.

Sikuwa na pa kuweka uso.

Bi. Raines hakunigombeza. Hilo ndilo baya zaidi. Alimuuliza Mama Boykin kama kuna kumbukumbu zozote za kazi hii, kwa maandishi. Mama Boykin akasema zipo, alimkabidhi Roscoe Jumatatu asubuhi, mkononi. Benchi zima likanigeukia. Hata Otha.

Nikasema bahasha iko salama. Iko jukwaani.

Tukarudi wote. Wote! Magongo, fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu, wakapita katikati ya ukumbi na kukaa safu ya mbele, iliyoachwa kwa ajili ya wafadhili. Wazee wa ushemasi wakasimama kuwapisha. Kwaya ikanyamaza yenyewe. Nikapanda jukwaani nikapapasa juu ya meza kana kwamba natafuta, nikiomba paa lianguke. Mama Boykin ana miaka sabini na tatu na anaona sindano gizani. Aliiona kaki inachungulia chini ya mguu wa mahogani. Akainama. Akavuta.

Meza iliinama upande wa Daktari Stubbs. Jagi la chai ya baridi lililokuwa juu yake likafuata. Chai yote, na ndimu zake, kwenye suti nyeupe pe. Kuna mtu nyuma alisema “Amina.” Sitasema nani, ila mdomo ulikuwa wangu.

Mama Boykin akaikunjua bahasha, akaipiga piga, akamsomea Bi. Raines pale pale. Watu kumi na mmoja. Wanne wako kazini tayari. Watatu wako mafunzoni. Watatu wanasubiri majibu ya wakala. Mmoja anasubiri sahihi.

Akaniwekea fomu mbele. Ilikuwa na alama ya mguu wa meza katikati, duara kamili. Akanipa moja ya kalamu zetu za mpango.

“Sahihi, Roscoe.” Sauti ile ile ya shule ya Jumapili.

Kalamu haikuandika. Akanipa nyingine. Haikuandika. Mapepeo yote yamesimama. Maboksi manne! Otha alikuwa amekaa safu ya mbele, kichwa kimeinama, anasikiliza kalamu ikikwaruza karatasi kavu. Ghafla niliogopa, niliogopa kweli, kwamba sitaweza kuandika jina langu mwenyewe. Bi. Raines akanipa kalamu yake.

Nikatia sahihi. Kwa mara ya kwanza sikuongeza ile T.


Ijumaa, 12 Oktoba

Fomu imefika Minnesota kwa faksi saa tano na dakika hamsini. Mashine ilimeza karatasi mara mbili. Otha alikaa karibu nayo, kiganja juu ya mfuniko, anasema anaisikia inavyopumua. Ilipolia mlio wa mwisho Mama Boykin alimkumbatia, mwalimu wa bendi akamkumbatia, nami nikanyoosha mkono bila kujua kama atauona. Akaushika moja kwa moja. Akasema, “Viatu, bosi.”

Rais ameniita. Bi. Raines atapendekeza ruzuku iendelee, kwa sharti moja: mkurugenzi awe mtu anayejulikana na benchi. Kuanzia leo mkurugenzi ni Mama Boykin. Mimi ni Mshauri Mwandamizi wa Mkurugenzi. Nimekubali kwa sababu ya hilo neno “mwandamizi”. Pia nitafundisha insha mwaka wa kwanza. Saa mbili asubuhi.

Daktari Stubbs alikuwa hapo, na suti ya kijivu. Alisema chai ya Pisga haitoki kwenye kitambaa. Nikasema pole. Akasema kwamba kwenye programu yangu kulikuwa na makosa tisa ya tahajia, na kwamba dakika zangu kumi na moja alizihesabu. Tumefika mahali pazuri, nadhani.


Jumamosi, 13 Oktoba

Mechi. Tumefungwa, kama kawaida, na hakuna aliyejali, kama kawaida. Watu huja Pisga kuitazama bendi.

Mapumziko, bendi imeingia uwanjani, ala zote zinang'aa, na hakuna hata moja iliyokohoa. Otha alisimama pembeni mwa uwanja, shingo imeelekea kwao, anahesabu kwa fimbo. Tuba la kwanza lilipopita mbele yake mpigaji akamwinamia, na safu nzima ikafanya vivyo hivyo, matuba kumi na mawili yakiinama moja baada ya jingine. Yeye hakuona. Mama Boykin alimnong'oneza. Akavua kofia.

Nililia. Nimeliambia jukwaa zima kwamba ni pilipili ya mabawa ya kuku. Niliyaosha macho kwa chai ya baridi, nikala pai mbili za viazi vitamu, nikapata wazo. Wazo kubwa! Nalala mapema nisije nikalisahau.


Jumatatu, 15 Oktoba

Wiki mpya, mtu mpya. Nimejifunza mengi. Kwa mfano, programu isizidi vipengele kumi na vinane.

Wazo lenyewe: benchi. Mji mzima unalizungumzia. Benchi lile si fanicha tena, ni historia, na historia inataka kutunzwa. Saa moja asubuhi, kabla ya darasa langu, nimeita mafundi wakalibeba. Linapigwa msasa na vanishi. Litarudi baada ya wiki tatu, litawekwa kamba kuzunguka ili mtu asilikalie, na juu yake kibao cha shaba: HAPA NDIPO MPANGO ULIPOANZIA, CHINI YA ROSCOE T. PETTIFORD. Ile T imerudi. Nitauliza nani azindue kibao. Daktari Stubbs asiambiwe.

Na kuna tangazo jipya kutoka Washington! Ruzuku ya kuvisaidia vyuo kama chetu kuondoa vizuizi vinavyowazuia watu wenye ulemavu wasifikie huduma. Kana kwamba wameniandikia mimi. Nimeshaanza. Ukurasa wa kwanza ni mtamu sana, nimelia kidogo.

Mama Boykin hayupo, ametoka kumsindikiza Otha stendi ya basi. Minnesota, na koti la mwalimu wa bendi, na kambare wamefungwa kwenye karatasi. Korido tupu. Kimya kizuri cha kuandika.

Saa nne amekuja mama mmoja wa magongo. Ametembea kutoka ng'ambo ya reli. Kinyozi amemwambia kuna benchi hapa, akalie hilo, atasaidiwa. Akauliza benchi liko wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba linapakwa vanishi, na kwamba mimi mwenyewe leo siwezi kumsikiliza, naandika kurasa mia moja na kumi kuhusu watu kama yeye. Akasimama pale kidogo, anaegemea ukuta kwanza upande huu, kisha ule. Nimemwambia arudi baada ya wiki tatu.

Ila sikumwacha aondoke mikono mitupu. Nimempa kalamu.